Kiti Ulichoninyang'anya

Shule ya Mtoni, Kisiwa cha Kusini, New Zealand
6 Oktoba 1997

Kaka Harka,

Nakushika miguu kutoka mbali. Nimefika. Naanza na hilo kwa sababu najua hutauliza.

Siku niliyoondoka ulikaa mchangani unabandika kiraka kwenye boti la mpira, ukanipa mgongo mpaka basi likapinda kona ya daraja. Mama akanipaka tika, rangi ya baraka, kwenye paji la uso, wewe ukajifanya gundi haikauki. Gundi ile hukauka kabla mtu hajamaliza kupiga chafya. Sawa.

Shule yenyewe iko ukingoni kabisa mwa mto. Wanafunzi wanatoka kila pembe: Waairishi, Wakanada, Mjapani mmoja anaitwa Kenjiro ambaye hucheka hata akijikwaa. Mkuu wao ni Murray, yule mshirika wa tajiri wetu Rajbhandari, aliyekuja kwetu Dolalghat na kaptura fupi mpaka Mama akageuza uso. Amenipokea vizuri. Nimepewa kofia ngumu nyekundu na jaketi la kuelea jipya, wakanipiga picha nyingi, nimesimama, nimeinama, nimeshika kasia. Chumba kina joto. Dal yetu ya dengu hawaijui, nimewapikia mwenyewe wakalamba sahani.

Kaka, sikukuomba ruhusa kwa sababu hukunipa nafasi ya kuomba. Jina langu lilitajwa, nikaenda. Ungekuwa wewe ungekataa?

Sikukuu njema ya Dashain. Mwambie wifi Sanu nimevaa soksi zake ndani ya ndege.

Mdogo wako,
Phulmaya


Dolalghat
3 Novemba 1997

Kanchhi,

Salamu nitaziweka mwishoni, zikibaki.

Juzi ilikuwa siku ya dada kuwapaka kaka zao tika. Kila mwanamume wa ukingo huu alitembea na rangi zake usoni na shada la maua shingoni. Mimi nilikaa uani. Binti wa jirani, yule asiye na meno ya mbele, akanihurumia, akaja kunipaka yeye. Unajua maana ya kuhurumiwa na mtoto? Wenzangu mtoni wakapata la kusema mpaka jioni. "Harka, vipi, kasia lako limeolewa New Zealand?"

Unasema jina lako lilitajwa. Lilitajwa na nani? Mimi niliongoza boti kwenye mto Sun Koshi wakati wewe hujui hata kufunga mkanda wa jaketi. Mimi niliwatoa Wafaransa majini mwaka wa mafuriko, wanne, na kiatu changu kimoja kikaenda India. Tajiri Rajbhandari alinishika bega mbele ya watu wote: "Harka, mwaka huu unakwenda kuchukua cheti. Ukirudi wewe ndiye mkuu wa waongozaji." Nilimwambia kila mtu. Nilinunua begi. Halafu nashtuka, jina lililoandikwa ni la mpishi wa kambi.

Kati ya ahadi ile na siku jina lako lilipotajwa, ulikuwa unampelekea tajiri chai kwenye hema lake. Sijui ulimwambia nini na hiyo chai. Lakini ulimwambia.

Kiti cha nyuma ya boti, anapokaa mwongozaji, kilikuwa changu. Umeninyang'anya. Basi kikalie vizuri, maana ukianguka sitakurushia kamba.

Mama mzima. Salamu hazikubaki.

Harkabahadur Majhi


Shule ya Mtoni
21 Novemba 1997

Kaka,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kwa sababu hasira haikuniruhusu kukaa.

Chai! Hivi unajua ulichoandika? Angelisema mwanamume mwingine maneno hayo juu ya dada yako, ungemtupa mtoni na mawe shingoni. Wewe umeyaandika kwa mkono wako, ukalipia na stempu.

Nilimpelekea chai kwa sababu nilikuwa mpishi. Nilikuwa mpishi kwa sababu wewe ulisema mwanamke kwenye boti analeta mkosi. Ulisema hivyo mpaka wageni wanawake walipoanza kukuuliza mbona hakuna mwongozaji mwanamke hata mmoja. Ndipo ukanifundisha, nyuma ya ule mwamba mkubwa, ili wenzako wasikuone. Nilijifunza nimefichwa kama gongo. Leo unashangaa kwamba natoka mbele za watu?

Na usiniite Kanchhi. Kitinda mimba wa kutumwa kuni na maji alibaki huko.

Kama unataka kujua, kiti nimekikalia. Jana nimeongoza boti zima kwenye mkondo mkubwa kuliko wote wa huku. Mawimbi yalisimama kama majumba, jua linang'aa, maji ya kijani kama kioo, wenzangu wanapiga vifijo. Murray akasema hajapata kuona mwanamke mwenye mikono kama yangu. Cheti nitakipata kabla ya wote. Nitakitundika ukutani, nawe utakuwa unakipita kila ukienda kula.

Phulmaya Majhi


Dolalghat
12 Desemba 1997

Phulmaya,

Uongo.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikainusa. Inanuka vitunguu. Nikampa Sanu, nikamwambia, nusa hii. Akanusa. "Vitunguu," akasema, "na sabuni ya vyombo."

Tena umeandika kama zile karatasi za matangazo za tajiri. Jua linang'aa, maji kama kioo. Mto wa huko unatoka kwenye theluji kama wetu, Murray mwenyewe alituambia. Mtu aliyeshika kasia kwenye maji ya theluji hawezi kuandika ukurasa mzima bila kutaja vidole vyake. Vidole ndiyo jambo la kwanza! Mimi ndiye niliyekuwa nakupulizia vyako kule nyuma ya mwamba, ulikuwa unalia machozi. Umetaja jua, umetaja mikono mizuri, vidole hukutaja.

Kwa hiyo nakuuliza, uko wapi? Maana mtoni hupo.

Nilikuwa nimekasirika kwa kuwa umekaa kwenye kiti changu. Lakini kama umekichukua kutoka kwangu, ukavuka nacho bahari, halafu hukukikalia! Kama kiti changu kiko wazi huko, na wewe umeinama unakatakata vitunguu! Phulmaya, hasira hiyo mimi sijawahi kuwa nayo. Sijui hata inakaa wapi mwilini.

Jibu. Usinitajie jua.

Harka


Shule ya Mtoni
30 Desemba 1997

Kaka Harka,

Vitunguu, ndiyo. Na viazi, na kondoo. Kondoo asubuhi, kondoo mchana, kondoo wa jana ndani ya mkate. Naamka kabla yao, nawapikia uji wa shayiri, wanakula, wanabeba boti wanakwenda. Nabaki na masufuria. Jioni wanarudi wananivulia suti zao za mpira mlangoni niwafulie, na wanakojoa ndani ya suti hizo ili wapate joto. Ndiyo hao mabingwa niliokusimulia. Mkondo niliokuandikia niliusikia mezani, nikiwa nachukua sahani.

Wananiita Maya. Jina zima linawachosha.

Kila nikimuuliza Murray anasema wiki ijayo. Kwanza Kiingereza changu kichangamke. Kisha boti zimejaa. Kisha baada ya Krismasi. Krismasi nimewaokea kondoo mzima, nikafuta mikono, nikamfuata. Nikamwambia, nimekuja kusoma. Akanitazama kama mtu aliyeombwa kitu cha ajabu. "Kwani Rajbhandari hakukwambia? Tulikubaliana utafanya kazi jikoni, kisha tukipata nafasi utapanda boti. Picha zimetoka nzuri sana, Maya."

Picha zimetoka, kaka. Kijitabu cha matangazo kimefika, nimekiona juu ya meza yake. Mimi huyo na kofia nyekundu, nimeshika kasia: mwanamke wa kwanza wa Nepal kuongoza boti, sijui nini. Lile kasia nilipewa nipigwe nalo picha, likarudishwa stoo.

Nilikudanganya kwa sababu nilijua utacheka. Na kwa sababu kila nilipoushika ule uongo niliona nimekupiga kofi, nikapata nafuu.

Jana Kenjiro amekuja jikoni, kwa adabu zake zote, akaniuliza kama nitamfundisha kutengeneza momo zetu za unga na nyama, maana mimi ndiye mpishi. Nilikwenda stoo nikakaa ndani ya boti lililoishiwa upepo, kwenye sakafu ya saruji, nikapiga kasia hewani mpaka kwapa zikaniuma. Kama kichaa.

Haya, cheka sasa.

Phulmaya


Dolalghat
20 Januari 1998

Phulmaya,

Sijacheka.

Barua yako ilifika asubuhi, mchana nilikuwa ndani ya basi la Kathmandu. Tajiri nimemkuta ofisini kwake mtaa wa Thamel, anakula chungwa.

"Harka! Kaa, mletee chai huyu."

Nikamwambia, "Sikuja kunywa chai. Dada yangu umempeleka kusoma au kuosha masufuria?"

"Si anakula? Si analala pakavu? Wasichana wangapi wa Dolalghat wameiona New Zealand?"

"Ulisema ni mafunzo."

"Ndiyo mafunzo. Anajifunza wageni wanapenda kula nini." Akacheka mwenyewe, mbegu ya chungwa ikamtoka mdomoni.

Nikamuuliza swali ambalo limenikaa kooni tangu Septemba. Kwa nini hukunipeleka mimi? Akaniangalia kwa huruma, Phulmaya. Yule mtu alinihurumia. Akasema, "Harka, kwa maradhi yako ningekupelekaje? Mama yako alikuja hapa mwenyewe, akakataa hata kukaa kwenye kiti. Akanieleza yote. Kifafa si jambo la kuonea aibu."

Sijaanguka kifafa tangu nizaliwe. Unajua na Mama anajua. Lakini kilichonipandisha damu si hicho. Nikamwambia, "Subiri kidogo. Wewe unaamini nina kifafa, na msimu mzima umeniachia boti zilizojaa watu?"

Akasema, "Wageni walikuwa wengi."

Niliyomwambia baada ya hapo Sanu amenikataza kuyaandika humu.

Nimerudi, nimemkuta Mama anapepeta ulezi.

"Mama, ulikwenda Kathmandu?"

"Nilikwenda."

"Ukasema nina kifafa?"

"Nilisema."

"Kwa nini?"

"Nina kazi, Harka. Sogea, unanizibia mwanga."

Basi. Ndilo jibu nililopewa na mama mzazi. Tangu siku ile nakula kwenye ngazi ya nje.

Kwa hiyo maneno ya chai nayarudisha. Ya chai tu. Mengine yote yabaki palepale, sijamaliza.

Na sikiliza. Usipike tena. Hata maji usichemshe. Mimi sikunyimwa kiti kile ili wewe uwafulie watu mikojo. Kesho yake ukiipata barua hii, ingia kwenye boti ukae nyuma. Watakachofanya wafanye.

Huku kazi ni nzuri, usiwe na wasiwasi nami. Wageni wengi.

Harka


Shule ya Mtoni
12 Februari 1998

Kaka Harka,

Asubuhi iliyofuata barua yako sikuwasha jiko. Nilichukua suti kwenye kamba, sijui ya nani, nikavaa kofia yangu ya picha, nikaenda kukaa nyuma ya boti la kwanza pale ukingoni, kasia mapajani.

Wakatoka mmoja mmoja wanasugua macho. Murray akaja na kikombe kitupu.

"Maya, chakula kiko wapi?"

"Kwenye magunia."

"Shuka."

"Sishuki."

"Huu ni mzaha?"

"Mzaha ni kile kijitabu chako."

Akaanza kunielekeza kidole, kwamba nina deni la shukrani, kwamba nauli yangu, kwamba watu wana njaa. Sauti yangu ilinitoka, kaka, sikujua kama ninayo ile. Nilipiga kelele kwa Kiingereza na nilipoishiwa Kiingereza nikaendelea kwa lugha yetu. Nilimwita majina ya mbuzi wote wa Dolalghat.

Kuna Mwairishi anaitwa Sorcha, mwenye nywele za kutu. Akasema taratibu, "Mimi nilidhani umeajiriwa." Nikamuuliza, "Na nani? Umewahi kuniona nalipwa?" Kisha akaja akakaa mbele. Kenjiro naye akaja, na mkate mkavu mkononi. Mkanada mmoja akanung'unika kwamba yeye amelipia kifungua kinywa. Sorcha akamwambia, "Basi kakipike."

Murray alipoona boti limejaa akasema, haya, tuone. Alitaka nijiaibishe.

Nikajiaibisha. Mkondo wa kwanza tu, ule mdogo wanaouita wa watoto, nililipeleka boti ubavu kwenye wimbi, likapinduka. Wote majini. Miezi sijashika kasia! Na maji yale! Vidole vilikufa hapohapo. Nilimshika Sorcha kwa mikanda ya jaketi nikamtupa juu ya boti lililopinduka, nikapanda, nikalivuta kwa kamba likageuka, tukamzoa Kenjiro chini zaidi. Alikuwa bado anacheka na mkate hana.

Murray alikuwa ukingoni amekunja mikono. "Umeona sasa?"

"Nimeona," nikasema. "Kesho nitapita kushoto."

Kesho yake nilipita kushoto. Nilipita kinyumenyume, boti limegeuka kabisa, aibu ya kutosha, lakini nilipita. Siku ya tatu nilipita vizuri. Wakati huo Sorcha na wenzake walikuwa wamemwambia Murray, ama jikoni kuwe kwa zamu, ama wote waandike makwao kwamba shule hii inasomesha watu kwa picha. Sasa ni zamu. Mpishi mbaya kuliko wote ni Murray mwenyewe, uji wake unabanduka kama kiraka.

Mtihani ni mwisho wa Machi. Sijui kama nitaweza, nimechelewa mno. Nimekasirika kila saa ninayoamka. Hasira yenyewe inanisaidia kubeba boti.

Sehemu hii msomee Mama. Mama, umemsingizia mwanao ugonjwa ili mimi nije huku kufua. Uliniuza au ulinifanyia nini? Nataka jibu, na usiniambie una kazi.

Phulmaya


Dolalghat
5 Machi 1998

Phulmaya,

Mimi mama yako ndiye nasema, Sanu anaandika, na nimemwapisha asiongeze la kwake.

Unauliza nilikufanyia nini. Yule mtu wa ng'ambo ya mto, mwenye duka la chumvi na mafuta ya taa, alileta pombe ya posa. Baba yenu mdogo akaipokea, akainywa. Ungeolewa mwezi huu wa Phagun. Amekwisha kuzika wake wawili, na maiti ya wa pili niliiosha mimi. Niliona mgongo wake. Sitasema zaidi.

Ningemwambia nani? Harka alikuwa anakaa na mtu huyo dukani kila Jumamosi. "Mtu mzuri, ana duka." Hayo ndiyo angeniambia. Sasa anakasirika! Na akasirike. Ningemwambia tajiri, mpeleke binti yangu badala ya mwanangu, angenifukuza. Nikasema la ugonjwa. Harka hata bila cheti mto unamjua, nikafikiri atanuna msimu mmoja. Wewe ungeingia nyumba ile usitoke. Nilikuwa na mikono miwili na mizigo miwili, nikautua ule ambao nilidhani hautavunjika.

Kuhusu masufuria, sikujua. Huyo Murray akija tena Dolalghat na kaptura yake atanikuta.

Sasa sikiliza. Kaka yako amekuandikia kwamba kazi ni nzuri? Hana kazi. Tajiri alimfukuza siku ileile ya chungwa, kisha akaziambia kampuni zote za Thamel kwamba Harka ni mgonjwa wa kifafa, asipewe boti. Hakuna anayempa. Anavunja kokoto za barabara, kule juu ya daraja. Anarudi na vumbi mpaka kwenye kope, anakula kwenye ngazi, hanisemeshi.

Nilikwenda tena Kathmandu, ili nimwambie tajiri kwamba nilisema uongo. Mlinzi hakunifungulia. Nilikaa pale kwenye geti mpaka basi la mwisho. Nilimwambia mlinzi, basi mwambie wewe. Akasema, mama, nenda nyumbani.

Hilo ndilo jibu langu. Sikuombi unisamehe. Ningerudia tena, ila ningetafuta uongo mwingine.

Mama


Shule ya Mtoni
30 Machi 1998

Kaka Harka,

"Huku kazi ni nzuri. Wageni wengi." Hivi ndivyo ulivyoniandikia, wewe uliyeninusa vitunguu kutoka nchi ya mbali! Mimi nikadanganya ukanivua nguo mbele ya Sanu. Wewe ukadanganya nikaamini, nikawa nalala vizuri. Mjinga mimi, nilipaswa kuilamba barua yako nione kama ina vumbi la mawe.

Nimefaulu. Nakuambia kwa ufupi kwa sababu sina hamu ya kushangilia. Siku ya mtihani nilipita kushoto, nikapita kulia, nikamwokoa Mkanada aliyejitupa majini makusudi, nikafunga mifupa ya mguu usiovunjika. Murray alinipa mkono. Niliushika, nikauachia haraka.

Tajiri amepiga simu shuleni. Ana habari zote. Sauti yake tamu kama asali: "Binti yangu, rudi, wewe ndiye mkuu wa waongozaji, picha yako iko kwenye kila hoteli." Nikamwambia nitarudi siku atakapozunguka Thamel, mlango kwa mlango, kusema Harkabahadur Majhi hana ugonjwa. Akasema, "Rudi kwanza, hayo tutazungumza." Nikakata simu. Nilikata simu ya tajiri, kaka! Kisha nikaenda kumenya viazi, na haikuwa zamu yangu.

Sasa wewe. Chama cha waongozaji kina mtihani mwezi wa Juni, kwenye mto Trishuli. Atakayefaulu anapewa leseni yake mwenyewe, tajiri apende asipende. Wanataka karatasi ya daktari na mtu mwenye cheti akufundishe uokoaji kwa kamba, maana hayo wewe huyafanya kwa mazoea na wao wanayataka kwa utaratibu wao. Mwenye cheti ni mimi. Nenda hospitali ukapimwe. Narudi Mei.

Na yule mwenye duka la chumvi, ulikuwa unakunywa naye. Hilo tutalizungumza uso kwa uso.

Phulmaya


Dolalghat
19 Aprili 1998

Phulmaya,

Sikuvunja kokoto miezi yote hii ili nikapimwe kichwa kama mwendawazimu kwa sababu ya uongo wa mama yangu. Wala sitakaa mchangani, mbele ya watu niliowafundisha mimi, nifundishwe kurusha kamba na mtoto niliyempulizia vidole.

Kuhusu mwenye duka, sikujua habari za wale wake zake. Nimemuuliza Mama, safari hii akaacha kupepeta akanieleza. Siendi tena pale. Nilikwenda mara moja ya mwisho, na yeye hatasahau.

Huna haja ya kuja kwa ajili yangu. Baki huko upate pesa.

Harka


Dolalghat, nyumbani
17 Mei 1998

Kaka,

Nampa Sanu karatasi hii akuletee kwenye kokoto, kwa kuwa naambiwa tangu nifike juzi unalala kulekule.

Nilipita barabarani nikakuona. Ukainama ukajifanya unatafuta nyundo. Nyundo ulikuwa umeishika.

Nimeazima boti kwa Wamagar wa chini ya daraja. Kesho jua likitoka niko mchangani. Sitakubembeleza. Nilikuja kwa sababu nilitaka, na mto huu ni wangu pia.

Phulmaya


Barabarani, 17 Mei

Phulmaya,

Sanu amesimama hapa anangoja jibu, na amesema haondoki.

Hospitali nimekwenda wiki mbili zilizopita. Usidhani ni kwa ajili ya barua yako. Wameniwekea nyaya kichwani kama redio. Sina kitu. Nilimsomea Mama karatasi ya daktari. Alilia, halafu akanigombeza kwa kupanda basi bila kula.

Jana jioni nilikuona unashuka na hilo boti la Wamagar peke yako. Wote tuliacha nyundo. Pale kwenye mwamba mweusi nilidhani umekosea, nikasimama, nikapiga kelele "Kulia! Kulia!" kama mwehu, na wewe huwezi kunisikia kutoka huku juu. Ukapita kulia. Wenzangu wakauliza, nani yule? Nikasema, dada yangu. Nilikuwa bado nimekasirika nilipolisema.

Nitakuja kesho. Ukiniambia piga mbele, nitapiga mbele. Ukiniita mwanafunzi wako mbele za watu, nashuka hapohapo, hata kama ni katikati ya maji. Yale ya duka uniseme ukishanifundisha, si kabla, maana nikikasirika siwezi kushika mafundo ya kamba.

Mama anasema atakaa ukingoni atutazame. Nimemtumia ujumbe asije.

Atakuja.

Harka